Tumeupanda, Sasa Tuupe pa Kupandia

Haya ndiyo niliyozungumza katika mkutano wetu wa wapenda mimea ya ndani. Wengi mliokosa mliniomba niyaandike, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema, bila zile picha nilizokuwa nikionyesha ukutani.

Ndugu zangu, wazee kwa vijana, asanteni kwa kuja. Asanteni zaidi ninyi mliokuja mmebeba mimea mikononi. Nimeuona mmoja hapo mbele, majani yake ya chini yamekuwa njano. Dada yangu, usiufiche chini ya kiti. Tutafika kwake.

Nianze na neno moja la lugha yetu, neno kupanda. Tukisema mtu amepanda, huenda ametia mbegu udongoni, na huenda amekwea mti. Neno ni hilo hilo. Na mimea iliyotukusanya leo, pothosi, monstera, filodendroni na jamaa zao, imenaswa kati ya maana hizo mbili. Sisi tumeshika ile ya kwanza: tunaupanda mmea kwenye chungu, tunaumwagilia, tunaona kazi imekwisha. Mmea wenyewe umeshika ile ya pili. Unataka kupanda. Umeumbwa upande. Tumeupanda, sawa, lakini tumeupa pa kupandia?

Mkiondoka na swali hilo tu, nitarudi nyumbani nimeridhika. Lakini siwezi kulifikia kabla ya kusema habari ya maji, kwa sababu mimea mingi hufa mapema kabla hata ya kutafuta pa kushika.

Mmea wangu wa kwanza wa jamii hii nilipewa na jirani aliyekuwa anahama. Ulikuwa pothosi yenye majani saba, kila jani na michirizi yake ya dhahabu. Niliipenda. Na kwa kuwa niliipenda, kila asubuhi kabla sijatoka niliimwagia kikombe cha maji. Wiki ya tatu jani la chini likageuka njano. Nikasema ina kiu, nikaongeza kikombe cha jioni. Jani la pili likafuata, la tatu likafuata, na shina likalainika pale linapoingia udongoni. Nilipoing'oa ndipo nilipoona. Mizizi ilikuwa karibu nyeusi, inanuka kama maji ya mtaro. Nilishika mmoja kwa vidole viwili nikauvuta polepole. Ganda lake likachomoka lote, kama mkono wa shati unapovuliwa, na kilichobaki kilikuwa uzi mwembamba, mweupe, hauna uhai. Miaka imepita, na uzi ule bado nauona.

Nini kilitokea? Ndugu zangu, mzizi haunywi tu, mzizi unapumua. Kati ya punje na punje za udongo kuna vijinafasi, na humo ndimo hewa inamokaa. Ukimwaga maji kila siku, vijinafasi hivyo havikauki kamwe. Oksijeni hupenya majini polepole mno, karibu mara 10,000 polepole kuliko inavyopenya hewani. Mzizi unakosa pumzi, unadhoofika, halafu vimelea vya kuozesha vinaingia. Anayezama hafi kwa kiu!

Na hapa ndipo penye mtego. Mzizi uliooza hauwezi tena kunyonya maji, kwa hiyo majani yananyauka. Yananyauka vile vile kama ya mmea wenye kiu. Ukiyatazama majani peke yake utaona kiu, utamwaga maji, utamalizia kuua. Basi usiulize jani. Uliza udongo. Tia kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu na chembe za udongo zimeganda, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia, na ukimwagilia mwagilia kweli kweli, mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini. Baada ya nusu saa, yaliyobaki kwenye sahani yamwage. Wenye uzoefu hawatii hata kidole, wananyanyua chungu tu. Chungu chenye udongo mkavu ni chepesi, mkono unajua.

Najua swali linalokuja, kwa sababu naulizwa kila mkutano. Mara ngapi kwa wiki? Siwezi kukujibu, na anayekujibu bila kuuona mmea wako asikutie imani. Mmea ulio karibu na dirisha katika miezi ya joto unaweza kukausha chungu kwa siku sita. Mmea ule ule katika miezi ya baridi na mawingu unaweza kukaa wiki tatu na udongo bado una unyevu. Kalenda haina kidole.

Tazameni pia mnachouotesha ndani yake. Msituni, mizizi ya mimea hii inashika magome na kuzama katika majani yaliyooza, mahali pepesi penye hewa tele. Sisi tunachota udongo mzito wa bustani, tunaushindilia chunguni, halafu tunashangaa. Changanyeni udongo na vipande vya magome, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, na kokoto ndogo nyepesi. Chungu kiwe na tundu, hilo silijadili. Wala kisiwe kikubwa kupita kiasi: ukihamisha, ongeza vidole viwili vya upana, basi. Chungu kikubwa hubeba maji ambayo mizizi michache haiwezi kuyamaliza.

Sasa mwanga. Hapa nataka niwasimulie jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini.

Mwaka 1975 wanasayansi wawili, Donald Strong na Thomas Ray, walieleza walichokiona kwa aina moja ya monstera katika misitu ya Amerika ya Kati. Mbegu inaanguka chini, inachipua. Sote tulifundishwa shuleni kwamba mche hufuata mwanga, sivyo? Mche huu haufuati mwanga. Unatambaa sakafuni mwa msitu kuelekea upande wenye giza zaidi. Kwa nini giza? Kwa sababu katika msitu kitu chenye giza kubwa kilichosimama mbele yako ni shina la mti mnene. Mche hauna macho, hauna mtu wa kuuonyesha njia, lakini unautafuta mti kwa kufuata kivuli chake. Na ukishaugusa tu, unabadilika. Unaliacha giza, unaanza kupanda kuelekea kwenye mwanga.

Fikirini jambo hilo. Mmea unaingia gizani kwa makusudi, kwa sababu huko ndiko iliko ngazi.

Sasa sisi tumesikia kwamba hii ni mimea ya kivulini. Si uongo, ila tumeikata habari katikati. Kivuli ni pale unapoanzia. Unakokwenda ni juu, kwenye mwanga uliochujwa na majani ya miti. Tukauchukua, tukauweka kwenye kona ya sebule, mita nne kutoka dirishani, tukasema huu hauhitaji mwanga. Unavumilia, ni kweli. Lakini kuvumilia ni kuishi?

Jicho letu linatudanganya. Mboni hupanuka tukiingia ndani, kwa hiyo tunaona chumba kina mwanga wa kutosha. Nje kwenye jua kali kuna takriban laksi 100,000, laksi ikiwa ni kipimo cha mwanga. Katika kona ile ya sebule zinaweza kuwa mia moja au mia mbili tu. Kwako ni tofauti kidogo, kwa mmea ni kama kuhama kutoka shibe kwenda njaa. Basi msilitegemee jicho, tegemeeni kivuli. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale mmea unapokaa, nyosha mkono juu yake kwa umbali wa rula moja. Kivuli kikiwa kikali, kingo zimekatika wazi, jua hilo litaunguza. Kikiwa laini lakini unaona bado ni mkono, hapo ndipo. Usipoona kivuli kabisa, uhamishe leo.

Rafiki yangu mmoja alinionyesha filodendroni yake, akiwa na furaha kwamba inarefuka haraka. Ilikuwa imerefuka kweli. Kati ya jani na jani palikuwa na shina tupu la urefu wa kiganja, na kila jani jipya lilikuwa dogo kuliko lililotangulia, mpaka la mwisho lilikuwa kama ukucha wa kidole gumba. Nikamwambia, ndugu yangu, huku si kukua, huku ni kutafuta. Mmea unakimbia gizani ukipapasa. Tukausogeza karibu na dirisha lenye pazia jepesi, kidogo kidogo kwa majuma mawili. Hiyo kidogo kidogo ni muhimu. Mimi niliwahi kuitoa monstera yangu ghafla nje kwenye jua la adhuhuri, na jioni jani lake kubwa kuliko yote lilikuwa na baka jeupe lililogeuka kahawia. Jani likiungua haliponi. Baka lile lilikaa mpaka jani lilipokufa. Filodendroni ya rafiki yangu, kwa upande wake, ilitoa jani lake la kwanza nene baada ya miezi miwili, na shina likafupika kati ya jani na jani.

Na sasa nimefika nilipotaka kufika. Kupanda.

Jina lenyewe filodendroni limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni mpenda mti. Waliolitoa jina walikuwa wameutazama mmea vizuri. Halafu kuna pothosi, ambayo kwa jina la kitaalamu ni Epipremnum aureum. Asili yake ni kisiwa cha Mo'orea, katika bahari ya Pasifiki. Ninyi mnaijua pothosi kama mmea wa rafuni, majani yake kama kiganja cha mtoto, kamba zake zinaning'inia. Je, mnajua jani la mmea huo huo, uliopanda juu ya mti mkubwa katika nchi za joto, linafika wapi? Linaweza kukaribia urefu wa mita moja, na pembeni limepasuka pasuka kama jani la monstera. Nawaambia tena: mmea huo huo! Tofauti ni kwamba mmoja umepata mti, mwingine umening'inizwa.

Nililijaribu jambo hilo mwenyewe, kwa sababu sikutaka kuliamini kwa kusoma tu. Nilikata vipandikizi viwili kutoka kamba moja ya pothosi, vyote vikiwa na jani moja moja, nikavipanda katika vyungu viwili vya ukubwa mmoja, mbele ya dirisha moja. Kimoja nikakiacha kining'inie. Kingine nikakisimamishia ubao niliouzungushia makumbi ya nazi, nikawa nayanyunyizia maji makumbi yale kila asubuhi. Miezi mitatu ya kwanza sikuona tofauti. Halafu siku moja nikasogeza uso karibu na ubao. Kwenye fundo la shina, yaani pale jani linapochipukia, kile kijichuchu cha kahawia ambacho huwa kimekauka tu, kilikuwa kimetoa mzizi. Ncha yake ilikuwa nyeupe, na pale ilipogusa makumbi ilikuwa imejibana na kuwa bapa, na vinyweleo vidogo vimeshikamana na nyuzi. Niliugusa kwa ncha ya kidole. Haukusogea. Ulikuwa umeshika.

Kuanzia hapo kila jani lilikuwa kubwa kuliko la nyuma yake. Baada ya mwaka na nusu jani la juu kabisa lilifunika kiganja changu chote pamoja na vidole. La pothosi iliyoning'inia lilikuwa bado linaingia katikati ya kiganja, na yale ya mwisho wa kamba yalikuwa madogo zaidi. Mama mmoja, maji mamoja, dirisha moja.

Basi fanyeni hivi. Nguzo iwekwe mapema, wakati shina bado linakunjika, kwa maana samaki mkunje angali mbichi. Iwe ngumu na ishike unyevu, kwa sababu mzizi hauingii kwenye plastiki kavu. Tafuteni upande wa shina unaotoa mizizi ya hewani, upande huo ndio uelekee nguzo. Mkifunga, fungeni shina chini kidogo ya fundo, kwa kitambaa laini, kwa kulegeza. Msifunge kikonyo cha jani! Naona kosa hili kila mahali. Jani linahitaji kugeuka lifuate mwanga, ukilifunga kikonyo umelinyonga.

Wenye monstera mtaniuliza habari ya matundu. Jani changa halina, ndivyo lilivyo. Yanakuja mmea unapokomaa, ukiwa na mwanga na pa kushika. Kwa nini yawepo? Mwaka 2013 mwanasayansi Christopher Muir alitoa hoja ninayoipenda: msituni jua hufika chini kwa vijimweko vinavyohama hama, na jani lenye matundu, kwa kiasi kile kile cha tishu, linatanda eneo kubwa zaidi, hivyo linabahatisha vijimweko vingi zaidi. Ukiona jani lako jipya limefunguka bila hata tundu moja, basi usikimbilie mbolea. Tazama kwanza dirisha, kisha nguzo.

Na mbolea, kwa kuwa nimeitaja: kidogo, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi mmea unapokua, na usiweke unapopumzika. Wadudu: geuzeni majani, tazameni chini yake na kwenye makwapa ya vikonyo, humo ndimo vidung'ata hujificha kama vipande vya pamba. Futeni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudieni kila wiki mpaka wasionekane. Kuhusu baridi, ikishuka chini ya nyuzi 12 uondoeni dirishani usiku.

Kuna mambo mawili siwezi kuyapita haraka.

La kwanza ni watoto na wanyama. Pothosi, monstera, filodendroni, zote zina ndani yake fuwele za kalisi oksaleti, nyembamba kama sindano. Mtoto akitafuna jani, au paka, au mbwa, sindano hizo zinachoma mdomo na koo, panavimba, mate yanatoka. Wekeni juu, mbali na mikono midogo, na mkikata shina nawieni mikono kabla ya kugusa macho. Likitokea, suuza mdomo kwa maji na upate daktari. Tafadhali, hili msilichukulie wepesi.

La pili ni ile habari kwamba mimea ya ndani husafisha hewa ya nyumba. Inatokana na utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa. Nyumba zetu hazijafungwa hivyo. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring walipitia tafiti za namna hiyo, wakaona kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili ifanye kazi ambayo hewa inayoingia na kutoka ndani ya jengo inaifanya tayari. Nayasema haya kwa sababu naupenda mmea huu, na sitaki upendwe kwa sifa isiyo yake. Zake zinautosha. Fungueni madirisha.

Dada yangu wa mbele, ulete mmea wako sasa. Asante. Mnaona? Majani mawili ya chini ni ya njano, lakini shina bado gumu. Natia kidole... maji. Chungu hiki hakina tundu, ndiyo maana. Utautoa leo usiku, utakata mizizi yote iliyolainika kwa mkasi safi, uibakishe ile migumu yenye rangi nyeupe, uupande kwenye mchanganyiko mkavu mkavu, na usimwagilie kwa siku chache. Haujafa. Na hata chini kukishindikana, juu hapa pana mafundo manne mazima.

Na mafundo ndiyo yaliyobaki kusemwa. Pothosi huchanua kwa nadra mno. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba inashindwa kujitengenezea homoni ya jiberelini inayohitajika ili itoe maua. Haina ua, haina mbegu. Maana yake pothosi uliyo nayo nyumbani ilikatwa kutoka nyingine, nayo ilikatwa kutoka nyingine, mkono kwa mkono. Kinachoendelea ni fundo. Kuna mzee hapa alikaa na jani moja kwenye glasi ya maji kwa miezi minane. Lilitoa mizizi mizuri, mirefu, na halikutoa shina. Mzee wangu, halikuwa na fundo. Jani peke yake linaweza kuota mizizi, lakini shina jipya hutoka kwenye fundo tu.

Kwenye meza ile ya mlangoni nimeweka vipandikizi vya pothosi iliyopanda ule ubao wangu. Kila kimoja kina jani moja na fundo moja, nimekifunga karatasi yenye unyevu. Kila mtu achukue kimoja. Mkifika nyumbani kitieni kwenye glasi ya maji, fundo lizame, jani libaki juu, dirishani. Badilisheni maji kila wiki. Baada ya siku kumi hivi, inameni mtazame pale kwenye kijichuchu cha kahawia: mtaona kincha cheupe kimeanza kujitokeza. Kikifika urefu wa kidole, kipeni udongo, na siku hiyo hiyo simamisheni na ubao.